Timkat Addis Ababa: Barabara Zikifungwa, Fuata Tabot

Anayeshuka Addis Ababa Januari 18 na orodha ya makumbusho, duka za Merkato na miadi ya benki amepanga safari ya mji mwingine. Mkesha wa Timkat, sikukuu ya ubatizo ya Waorthodoksi wa Ethiopia, na siku yenyewe, upande wa kaskazini wa jiji haupitiki kwa gari, ofisi hufungwa siku ya sikukuu, na watu waliovaa nyeupe hujaa barabarani kuanzia ukuta mmoja hadi mwingine. Mgeni anayejaribu kutalii "licha ya sikukuu" huishia ndani ya teksi iliyosimama, mita ikihesabu. Lililo bora ni kuiacha orodha hotelini na kutembea kwa miguu, ukiongozwa na kitu kimoja tu: tabot, ubao mtakatifu wa kanisa, iko wapi saa hii, na inaelekea wapi.

Timkat ni kumbukumbu ya ubatizo wa Yesu katika mto Yordani, na kwa Waorthodoksi wa Ethiopia ni sikukuu kubwa kuliko Krismasi yao kwa shamrashamra za nje. Huangukia tarehe 11 ya mwezi wa Ter wa kalenda ya Ethiopia. Kwa kalenda yetu hiyo ni Januari 19, isipokuwa mara moja kila miaka minne, tunapoingia mwaka mrefu, inaposogea hadi Januari 20. Ilikuwa hivyo 2024, na itakuwa hivyo tena 2028. Watu hukata tiketi kwa kukariri "19" wakafika mapema au wakaondoka mapema. Kosa jingine ni kuichanganya na Gena, Krismasi ya Januari 7, ambayo huadhimishwa zaidi makanisani na majumbani. Anayetaka kuona jiji zima likitoka nje asubiri Timkat. Tangu 2019 UNESCO imeiweka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kila kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia lina tabot, ubao uliowekwa wakfu kwa mfano wa Mbao za Amri zilizokuwa ndani ya Sanduku la Agano. Jengo lisilo na tabot si kanisa, hata likiwa na kuba ya dhahabu. Mwaka mzima tabot hukaa patakatifu pa ndani, asipoingia mtu wa kawaida. Siku ya mkesha, iitwayo Ketera, kasisi huitwika kichwani ikiwa imefunikwa vitambaa vya zari, akatoka nayo chini ya miavuli ya mahameli, na waumini wakaisindikiza mpaka penye maji. Hulala huko, na kesho yake maji yakishabarikiwa hurudi nyumbani. Safari hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo sikukuu. Ukiielewa hiyo, unajua usimame wapi saa ngapi.

Kwa makanisa ya katikati ya Addis, penye maji ni Jan Meda, uwanja mpana wa nyasi karibu na Sidist Kilo. Mashabiki wa riadha wanaujua kwa mbio za nyika. Bwawa la ubatizo limejengwa hapo hapo uwanjani. Makanisa ya pembeni mwa jiji yana viwanja vyao, kwa hiyo usishangae ukikuta barabara imefungwa hata mbali na Jan Meda: ni tabot ya mtaa huo inapita.

Lala kaskazini. Hoteli nyingi za wageni ziko Bole, karibu na uwanja wa ndege, na siku nyingine hilo ni jambo zuri. Siku ya Timkat ni mzigo. Kutoka Bole hadi Sidist Kilo ni kilomita 9 au 10 hivi. Sehemu ya mwisho utaimaliza kwa miguu, tena ukipanda mlima. Chumba cha kawaida Arat Kilo, Sidist Kilo au Piassa kitakufaa kuliko cha kifahari Bole, kwa sababu utatoka saa 10 alfajiri na kurudi ukiwa umelowa na kuchoka. Arat Kilo mpaka Sidist Kilo ni kama kilomita moja na ushei, na toka hapo Jan Meda haifiki kilomita moja. Ukija Piassa na ramani ya zamani, itupe: majengo mengi yalibomolewa 2024 katika mradi wa kupanua barabara, na maduka na mikahawa iliyosifiwa na vitabu vya utalii haipo tena mahali pake.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati moja mjini Addis. Saa zao zinaanza kuhesabiwa alfajiri kama zetu. Dereva akisema saa 2 asubuhi, ni saa 2 yako, na mji uko katika majira yale yale ya Nairobi na Dar es Salaam, hivyo hurudishi wala kusogeza mshale. Shida huanza ukizungumza Kiingereza. Mwenyeji mmoja atakugeuzia saa kwa sababu wewe ni mgeni, mwingine hatageuza, na hutajua ni yupi. Taja na kipindi cha siku, "asubuhi" au "usiku", kisha mwoneshe saa kwenye simu. Tiketi ya ndege na programu za teksi hutumia saa za kimataifa daima. Tarehe nazo ziangalie, kwa kuwa mwaka wao uko nyuma ya wetu: karatasi ya kienyeji ya Januari 2027 itasomeka mwezi wa Ter 2019.

Mkesha una mambo mengi kuliko wageni wanavyodhani. Nikilazimishwa kuchagua nusu siku moja tu ya Timkat, ningechukua alasiri ya Ketera na kuiacha asubuhi ya sikukuu. Asubuhi pale Jan Meda watu ni wengi mno, na aliyechelewa huona migongo. Alasiri ya mkesha msafara unakupita wewe ukiwa umesimama, taratibu, saa mbili tatu mfululizo.

Tabot hutoka makanisani baada ya saa 6 mchana. Fika kwenye ua wa kanisa mapema, saa 5 hivi. Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, Kidist Selassie, karibu na Arat Kilo, ni mahali pazuri pa kuanzia. Ndani yake kuna kaburi la Haile Selassie, ila siku hiyo usitarajie kuingia kulitazama. Tabot ikitokea mlangoni vigelegele hupigwa kwa pamoja, kengele hulia, watu huinama. Na wewe inama, au angalau simama kimya na uvue kofia. Hakuna atakayekuuliza dini yako. Watakaokuudhikia ni wale unaowapa mgongo ili upige picha yako mwenyewe huku tabot ikipita nyuma yako.

Msafara una mpangilio. Mbele hutangulia vijana wa kufagia njia na wale wa mazulia: hutandika zulia jekundu, kasisi akishapita hulikunja nyuma na kulikimbiza mbele tena. Kazi hii hufanywa kwa mbio na macho yao yako chini, kwa hiyo mtu aliyesimama juu ya zulia kwa ajili ya picha husukumwa bila kuombwa radhi. Nyuma yao huja kwaya za shule za Jumapili zikiwa na sare, kisha mashemasi na misalaba, kisha wanazuoni wa nyimbo wenye fimbo ndefu za kuegemea, njuga za chuma za mkononi ziitwazo tsenatsil, na ngoma kubwa, kebero, inayoning'inizwa shingoni. Halafu makasisi na tabot. Pembeni hukimbia makundi ya vijana wakiimba na kuruka na bakora juu. Hawana ugomvi, lakini hawapungui kasi. Ukiwaona, ingia ukutani uwapishe.

Simama upande ulioinuka wa barabara ya Arat Kilo kwenda Sidist Kilo, jua likiwa mgongoni mwako. Mchana jua huwa kali kwa sababu mji uko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa kavu ya Januari hukudanganya kuwa kuna baridi huku ngozi inaungua. Mtu wa pwani ataona pumzi zinakatika akipanda kilima kidogo tu. Si ugonjwa, ni mwinuko. Tembea polepole, kunywa maji mengi, na ukiweza fika siku mbili kabla ili mwili uzoee. Kichwa kikiuma siku ya kwanza, acha pombe kabisa.

Usiku mambo hugeuka. Jua likizama joto hushuka haraka, na alfajiri huwa chini ya nyuzi 10. Waumini wengi hulala Jan Meda wakiwa na mablanketi, wakiimba karibu na mahema yalipowekwa tabot. Mgeni anaweza kukaa nao mpaka saa 3 au 4 usiku, akarudi kulala, kisha akaamka. Kukesha uwanjani bila sweta nzito, soksi na kitu cha kukalia ni kujitafutia homa. Ibada ya misa huanza usiku wa manane, kama saa 8, na kuelekea mapambazuko umati huongezeka kila dakika. Ukitaka kuona bwawa, uwe umeshapita ukaguzi kabla ya saa 11 alfajiri.

Ukaguzi wenyewe: wanaume mstari wao, wanawake wao, na hukaguliwa zaidi ya mara moja. Begi kubwa litakuchelewesha au kukurudisha. Acha kisu cha mfukoni na kiberiti. Droni haziruhusiwi kuingizwa nchini bila kibali maalumu, na darubini nazo zimewahi kuzuiliwa na forodha ya uwanja wa ndege, hivyo ziache nyumbani. Jambo jingine ambalo mgeni halijui ni bendera. Wachuuzi huuza skafu na vitambaa vya kijani, njano na nyekundu bila nyota ya katikati. Bendera rasmi ina nyota, na ile isiyo na nyota imekuwa chanzo cha mvutano kati ya polisi na vijana katika sikukuu kama hizi. Usiinunue uivae kwa sababu imependeza. Wala usipige picha askari, vizuizi vyao, wala kuta za ikulu unazozipita ukitoka Meskel Square kwenda Arat Kilo.

Mavazi ni nyeupe. Waamhara wana msemo kwamba kanzu isiyovaliwa Timkat na ichanike vipande vipande; kila mtu hutoa iliyo bora. Kwa mgeni inatosha suruali au sketi ndefu na netela, shuka nyepesi ya pamba yenye nakshi kwenye pindo. Nunua Shiro Meda, soko la nguo za kienyeji lililo juu ya Sidist Kilo kwenye njia ya Entoto, lakini nunua siku tatu nne kabla: wiki ya sikukuu bei hupanda na zilizobaki ni za nyuzi za plastiki. Isugue kati ya vidole. Pamba iliyofumwa kwa mkono ina vifundo vidogo na haitelezi. Wanawake hujifunika kichwa kwa netela hiyo hiyo, wanaume hujitanda mabegani. Dada mwenye kanga au mtandio mweupe hahitaji kununua kitu. Viatu viwe vya kuvulika upesi, kwa sababu ukiingia kanisani huachwa mlangoni, na visiwe vya thamani. Ndani wanaume na wanawake husimama pande tofauti. Tazama waliotangulia ndipo uchague upande.

Baada ya mapambazuko Patriaki na maaskofu hushuka bwawani, maji hubarikiwa kwa msalaba, na kuanzia hapo ni mvua. Makasisi hunyunyiza kwa mikono, kisha mipira ya maji hufunguliwa juu ya umati, watu wakisukumana kuyafuata na wengine wakijaza chupa za kupeleka kwa wagonjwa nyumbani. Kwa Waorthodoksi huku si kubatizwa upya bali ni kuukumbuka ubatizo, kwa hiyo ukilowa hujabadilishwa dini. Asiyetaka kuguswa na maji akae mbali na bwawa, maana mpira haubagui. Simu iwe ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, na pasipoti ibaki hotelini, tembea na nakala. Wengi hupoteza simu pale, na si kwa kuibiwa tu: huteleza mikononi na kuzama kwenye tope lenye miguu elfu.

Wezi wapo pia, hasa dakika hizo za maji na jioni ya Ketera. Mtindo unaojulikana Addis ni mtu kukutemea mate au kukumwagia kitu "kwa bahati mbaya", mwenzake akaja kukufuta kwa huruma, na mkono wa tatu ukiwa mfukoni mwako. Usisimame kufutwa. Mwingine ni kijana mchangamfu anayejitambulisha kuwa mwanafunzi, anayekualika kwenye kahawa ya sikukuu nyumbani kwa dada yake. Kahawa inafuatwa na vinywaji, na vinywaji na bili ya kutisha. Mwaliko wa kweli hutoka kwa familia uliyosimama nayo saa nzima barabarani, pamoja na bibi na watoto.

Ukialikwa na familia ya namna hiyo, nenda. Beba mkate mkubwa, matunda au kilo ya sukari. Kahawa huchomwa mbele yako, na huandaliwa duru tatu: abol, tona na baraka. Kuondoka baada ya ya kwanza ni kama kukatiza mazungumzo. Kaa hadi ya tatu.

Chakula kinahitaji mpango. Siku ya mkesha Waorthodoksi hufunga, na mfungo wao ni kutokula nyama, maziwa, siagi wala mayai, juu ya saa za kutokula kabisa. Migahawa ya kienyeji siku hiyo hupika chakula cha mfungo. Agiza beyaynetu: injera (mkate mpana wa chachu) moja kubwa yenye dengu, shiro (mchuzi wa unga wa jamii ya kunde), mboga za majani, kabichi na viazi, vyote kwa mafuta ya mimea. Sikukuu ikifika mfungo huisha, hata ikiangukia Jumatano au Ijumaa ambazo kwa kawaida ni za kufunga, na hapo doro wat, mchuzi wa kuku, na nyama hujaa mezani. Nyama mbichi hupendwa sana siku hizo. Asiyeizoea aiache, maana minyoo ya tegu huingia kwa njia hiyo. Kitfo, nyama mbichi iliyosagwa, waweza kuiomba iliyopikwa kabisa, yebesele, bila kumkera mwenye mgahawa. Tej, pombe ya asali, ni tamu kama juisi na hupanda kichwani haraka kwenye mwinuko ule.

Msomaji Mwislamu ajue kwamba Ethiopia nyama ina pande mbili. Waislamu hawali iliyochinjwa na Wakristo, na Wakristo hawali iliyochinjwa na Waislamu. Kila bucha na mgahawa una upande wake na mwenyewe atakuambia wazi ukimuuliza. Migahawa ya Waislamu iko mingi Merkato kuzunguka msikiti wa Anwar, na ya Wasomali iko Bole Mikael. Kwingineko, chakula cha mfungo hakina nyama, na ndicho rahisi kuagiza ukiwa karibu na Jan Meda.

Choo ni tatizo kuliko chakula. Uwanjani havitoshi. Tumia cha mkahawa wa Sidist Kilo kabla ya kuingia kwenye ukaguzi, ununue kahawa ya makiato kama shukrani, na ubebe karatasi zako.

Badilisha pesa mapema, mkesha usikukute na noti za dola tu, kwa sababu benki hufungwa na mashine za karibu na msafara huishiwa. Beba noti ndogo za birr. Mabasi madogo ya bluu na nyeupe hulipwa kwa konda, kama daladala au matatu, na siku hizo hukatisha safari popote penye kizuizi. Programu za teksi kama Ride na Feres hufanya kazi, ila weka mahali pa kuchukuliwa nje ya eneo lililofungwa. Ukiweka Jan Meda, dereva atakubali, atazunguka, kisha atafuta. Tembea kwanza kuelekea kusini mpaka uone magari yanakwenda, ndipo uite. Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti, ya Ethio telecom au Safaricom, na iwe imeshasajiliwa kabla ya tarehe 18. Mtandao huzidiwa uwanjani, kwa hiyo pakua ramani mapema na mkubaliane na wenzako mahali pa kukutana mkipotezana: lango la chuo kikuu Sidist Kilo linajulikana na kila mtu.

Makaratasi machache: mwenye pasipoti ya Kenya haombi viza, wengine wamalize yao kabla ya safari. Kadi ya homa ya manjano utaihitaji hata kwa kurudi nyumbani, na chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kusafiri.

Wengi huuliza kwa nini wasiende Gondar, kwenye bwawa la Fasilides, ambako vijana hujitosa majini wakishuka kutoka kwenye mizizi ya miti. Ni pazuri kweli kweli. Lakini jimbo la Amhara, ulipo mji huo, limekuwa na mapigano tangu 2023, na mtu asikate tiketi ya huko bila kuuliza hali ya wiki hiyo kwa watu walio huko.

Asubuhi ya sikukuu, maji yakishamwagwa, tabot huanza kurudi kama saa 4 hivi. Wageni wengi huondoka hapo wakidhani imekwisha, na ndipo njia inapofunguka kwa aliyebaki. Chagua tabot moja, ifuate kwa mwendo wa kasisi mpaka langoni mwa kanisa lake. Hufika alasiri, baada ya kusimama mara nyingi kwa nyimbo. Mwenye ndege jioni hiyo asijaribu. Aondoke kaskazini kabla ya saa 6 mchana, au aihamishe safari hadi kesho yake.

Na kesho yake kuna jambo. Tabot za makanisa ya malaika Mikaeli hazirudi pamoja na nyingine. Hubaki penye maji usiku wa pili na kurudi tarehe 12 ya Ter, siku ambayo pia ni kumbukumbu ya harusi ya Kana ya Galilaya. Ofisi zimefunguliwa, watalii wamepungua, polisi wamelegea kidogo, na msafara wa kanisa la Yeka Mikael unapita katika mitaa ya wakazi upande wa mashariki, watoto wakikimbia mbele yake. Makumbusho ya Taifa na mifupa ya Lucy, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, yapange baada ya hapo.